Chembe Sahani za Damu: Akiba ya Siku Tano na Namna Baridi Kali Inavyoiongezea Muda

METHALI inasema akiba haiozi, lakini katika benki ya damu ipo akiba inayoharibika ndani ya siku 5. Akiba hiyo ni chembe sahani, sehemu ya damu inayozuia mwili usiendelee kutokwa na damu pale mshipa unapopasuka. Chembe nyekundu huhifadhiwa ndani ya jokofu kwa siku 35 hadi 42, na plazma iliyogandishwa hukaa ndani ya friza kwa mwaka mmoja au zaidi. Chembe sahani zilizohifadhiwa kwa njia ya kawaida hutumika ndani ya siku 5, au siku 7 katika nchi zinazozifanyia vipimo vya ziada vya bakteria.

Muda huo mfupi huleta matatizo mawili kwa wakati mmoja. Hospitali inaweza kutupa mifuko ya chembe sahani iliyopitwa na muda siku ya Jumatatu, kisha ikapokea siku ya Jumatano majeruhi anayezihitaji na isiwe na hata mfuko mmoja. Ni kwa ajili hiyo wataalamu wa damu katika nchi mbalimbali wamefanya kazi kwa miongo kadhaa kutafuta njia ya kuzigandisha kwa baridi kali ili zidumu kwa miaka badala ya siku. Makala haya yanaeleza njia hiyo, mahali ilipokwisha kutumika, mgonjwa anayenufaika nayo na mipaka yake.

Ni vyema kwanza kutofautisha mambo mawili yanayotajwa kwa neno moja katika Kiswahili. Damu inayoshikamana juu ya jeraha husemwa imeganda, na maji yaliyokuwa barafu nayo husemwa yameganda. Katika makala haya, kugandisha kwa baridi ni kuziweka chembe sahani katika hali ya barafu ili zihifadhiwe. Kuganda kwa damu ni kazi ambayo chembe hizo hutarajiwa kuifanya baada ya kuyeyushwa na kuingizwa mwilini mwa mgonjwa.

Chembe sahani na kazi yake

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli, visivyo na kiini, vyenye kipenyo cha mikromita 2 hadi 3. Hukatika kutoka kwenye seli kubwa zilizomo ndani ya uboho wa mifupa. Mwanasayansi wa Italia, Giulio Bizzozero, alieleza mwaka 1882 nafasi ya chembe hizo katika kuzuia damu kutoka. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban chembe sahani bilioni 100 kila siku, na kila moja huishi katika mzunguko wa damu kwa siku 7 hadi 10. Kwa kawaida mtu mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu.

Mshipa unapopasuka, chembe sahani hunata kwenye ukuta wake, hubadilika umbo na kutoa kemikali zinazoita nyingine zije kusaidia. Zikikusanyika huwa kizibo cha kwanza cha jeraha. Uso wa chembe hizo pia huwa mahali ambapo protini za kugandisha damu hukutana na kufanya kazi kwa haraka, hadi utando wa nyuzi imara ujengeke na kukiimarisha kizibo hicho.

Wagonjwa wanaoongezewa chembe sahani wapo katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale ambao uboho wao umeacha kuzitengeneza kwa kiwango cha kutosha, kama vile wagonjwa wa saratani ya damu wanaopata tiba ya kemikali. Hawa huongezewa ili kuwakinga na kutokwa na damu kabla haijatokea, na kwa kawaida hufanyiwa hivyo idadi inaposhuka chini ya 10,000 katika mikrolita moja. Kundi la pili ni la wale ambao tayari damu inawatoka kwa wingi, wakiwemo majeruhi wa ajali, wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa moyo na akina mama waliopata matatizo makubwa wakati wa kujifungua. Tofauti kati ya makundi haya ni muhimu sana katika suala la ugandishaji, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Zinavyopatikana

Njia ya kwanza ya kupata chembe sahani ni kutenganisha damu iliyochangwa kwa njia ya kawaida. Mfuko wa damu huzungushwa kwa kasi ndani ya mashine hadi sehemu zake zitengane kwa uzito, kisha tabaka la chembe sahani hukusanywa. Mfuko mmoja hutoa kiasi kidogo, hivyo dozi ya mtu mzima huunganishwa kutoka kwa wachangiaji 4 hadi 6. Kazi hiyo hutakiwa kufanyika ndani ya saa chache, au ndani ya saa 24 kulingana na utaratibu wa maabara, na damu husika haitakiwi kuingizwa kwenye jokofu kabla ya kutenganishwa.

Njia ya pili hutumia mashine inayochukua damu ya mchangiaji mmoja, kubakiza chembe sahani na kurudisha sehemu nyingine mwilini mwake. Mchangiaji mmoja huweza kutoa dozi kamili ya mtu mzima, ila kazi hiyo huchukua zaidi ya saa moja na huhitaji mashine na vifaa vya gharama kubwa.

Kwa nini zisiwekwe kwenye jokofu

Chembe sahani za kawaida huhifadhiwa katika nyuzijoto 20 hadi 24 za Selsiasi, ndani ya mifuko ya plastiki inayopitisha hewa, juu ya mashine inayozitikisa polepole usiku na mchana. Mtikiso huo husaidia gesi kupita kwenye mfuko na huzuia chembe kushikamana. Hata hivyo, joto linalozifaa chembe sahani huwafaa pia bakteria. Vimelea vichache vilivyoingia kutoka kwenye ngozi ya mchangiaji huweza kuongezeka hadi kufikia kiwango cha kumdhuru mgonjwa. Hiyo ni sababu kuu ya kuweka ukomo wa siku 5.

Zamani chembe sahani ziliwekwa kwenye jokofu kama chembe nyekundu. Mwaka 1969, watafiti wa Marekani Scott Murphy na Frank Gardner walionesha kwamba zile zilizohifadhiwa katika nyuzijoto 22 hudumu mwilini kwa muda mrefu kuliko zile zilizohifadhiwa katika nyuzijoto 4, na utaratibu ukabadilika. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ilielezwa mwaka 2003, pale Karin Hoffmeister na wenzake walipobaini kuwa baridi hubadilisha mpangilio wa protini kwenye uso wa chembe sahani, na seli za ulinzi zilizomo ndani ya ini huzitambua na kuzimeza.

Jokofu halijasahaulika kabisa. Mwaka 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo unaoruhusu chembe sahani za nyuzijoto 1 hadi 6 kutumika kwa muda wa hadi siku 14 kwa mgonjwa anayetokwa na damu, pale zile za kawaida zinapokosekana au kushindikana kutumika. Hata hivyo, siku 14 bado ni muda mfupi kwa hospitali iliyo mbali na kituo cha kukusanya damu.

Ugandishaji unavyofanyika

Kuingiza mfuko wa chembe sahani kwenye friza bila maandalizi ni kuziharibu. Maji yanapoganda hujenga fuwele zenye ncha zinazopasua utando wa seli. Aidha, maji yanayogeuka barafu huacha chumvi ikiwa imekolea katika kimiminika kinachobaki, nayo huinyonya seli na kuiua. Kwa hiyo, ufunguo wa ugandishaji ni kemikali inayolinda seli dhidi ya madhara hayo mawili.

Mlango wa elimu hiyo ulifunguliwa Uingereza mwaka 1949, pale Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walipotangaza kwamba gliseroli huweza kulinda mbegu za uzazi za wanyama dhidi ya baridi kali. Miaka 10 baadaye, mwaka 1959, James Lovelock na Marcus Bishop walionesha uwezo kama huo wa dimethili salfoksaidi, kwa kifupi DMSO. Kemikali hii hupenya haraka ndani ya seli, hupunguza kiasi cha maji kinachogeuka barafu na kupunguza makali ya chumvi. Ndiyo iliyokuja kutumika zaidi kwa chembe sahani.

Mwaka 1978, Charles Schiffer na wenzake nchini Marekani waliripoti matumizi ya njia hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Baadhi ya wagonjwa wanaoongezewa damu mara nyingi hujenga kinga dhidi ya chembe sahani za watu wengine, na kila wanazopewa huharibiwa mara moja. Watafiti hao walichukua chembe sahani za wagonjwa wenyewe wakati ugonjwa ulipotulia, wakazigandisha, kisha wakawarudishia waliporejea kwenye matibabu makali. Kwa mgonjwa ambaye hakuna mchangiaji anayemfaa, damu yake mwenyewe ya miezi iliyopita ikawa tegemeo lake.

Ugumu uliobaki ulikuwa ni kuosha DMSO baada ya kuyeyusha, kazi inayochukua muda na kupoteza chembe nyingi. Robert Valeri na wenzake wa maabara ya utafiti wa damu ya Jeshi la Majini la Marekani mjini Boston waliondoa ugumu huo kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2005. Chembe sahani huchanganywa na DMSO ya asilimia 6, huzungushwa kwenye mashine, kisha kimiminika cha juu chenye sehemu kubwa ya kemikali hiyo huondolewa kabla ya kugandisha. Kinachobaki ni ujazo mdogo ambao hauhitaji kuoshwa tena.

Mfuko huo huingizwa kwenye friza ya nyuzijoto 80 chini ya sifuri na kuhifadhiwa kwa miaka 2 au zaidi kulingana na utaratibu wa nchi husika. Unapohitajika, huyeyushwa kwenye maji ya nyuzijoto 37, ambalo ni joto la mwili, kisha chembe huchanganywa taratibu na plazma au kimiminika maalumu. Kuanzia hapo muda wa matumizi ni wa saa chache tu, na mfuko uliokwisha kuyeyushwa haurudishwi kwenye friza.

Uzoefu wa Uholanzi

Nchi iliyotumia njia hii kwa kiwango kikubwa katika tiba ni Uholanzi, kupitia huduma ya damu ya jeshi lake. Tangu mwaka 2001, jeshi hilo lilianza kupeleka kwenye operesheni za nje chembe nyekundu, plazma na chembe sahani zilizogandishwa kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri, kwanza Bosnia na baadaye Afghanistan. Katika hospitali ya Tarin Kowt, mkoani Uruzgan, akiba hiyo ilitumika kuanzia mwaka 2006.

Chimbuko la uamuzi huo lilikuwa ni hesabu ya siku. Chembe sahani za siku 5 zinapokwisha kupimwa, kufungwa na kusafirishwa kwa ndege hadi bara jingine, hubakiza muda mdogo mno wa kutumika. Kuzipeleka kila wiki kungemaanisha kutupa nyingi katika wiki zenye utulivu, na hakungetoa uhakika wa kutosheleza siku ya mashambulizi. Zilizogandishwa husafirishwa mara moja kwa wingi, zikiwa kwenye barafu kavu, na kusubiri hadi majeruhi atakapofika. Kwa kawaida huchukuliwa kwa wachangiaji wa kundi O, ili zitumike bila kusubiri ulinganifu wa makundi. Ripoti ya madaktari na wataalamu wa jeshi hilo iliyochapishwa mwaka 2016 ilieleza kuwa bidhaa hizo za damu zilikuwa salama na zenye ufanisi kwa majeruhi.

Kinachobadilika baada ya kuyeyushwa

Chembe sahani zinazotoka kwenye friza si sawa na zile zilizoingia. Sehemu yake hupotea wakati wa kugandisha na kuyeyusha, na zile zinazobaki hudumu mwilini kwa muda mfupi kuliko zile zisizogandishwa. Nyingi huwa zimekwisha kuamshwa na baridi. Uso wake hugeuka na kuonesha nje mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, na hutoa vipande vidogo vingi vinavyoharakisha kuganda kwa damu.

Hapo ndipo tofauti ya makundi mawili ya wagonjwa inapojitokeza. Mgonjwa wa saratani anayehitaji kinga kwa siku kadhaa hufaidika zaidi na chembe zinazodumu katika mzunguko, hivyo zile zilizohifadhiwa kwa njia ya kawaida ndizo zinazomfaa. Majeruhi anayetokwa na damu haihitaji chembe itakayoishi wiki nzima, bali inayoanza kazi papo hapo kwenye jeraha. Kwake, chembe iliyoamshwa si lazima iwe na kasoro, na ndiyo maana utafiti umeelekezwa kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Nchini Australia, jaribio la awali lililohusisha wagonjwa wa upasuaji wa moyo katika hospitali 4 lilichapisha matokeo yake mwaka 2019. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakipangiwa chembe sahani zilizogandishwa na wengine za kawaida. Jaribio halikuonesha ongezeko la wazi la madhara kwa waliopewa zilizogandishwa, ingawa lilikuwa dogo na lililenga kufungua njia kwa utafiti mkubwa zaidi. Jambo linaloangaliwa kwa makini katika tafiti hizi ni uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa mahali pasipostahili, kwa kuwa chembe hizo hufanya kazi kwa nguvu zaidi.

Ni vyema pia wananchi wafahamu kwamba si kila upungufu wa chembe sahani hutibiwa kwa kuongezewa. Katika homa ya dengue, idadi ya chembe hizo hushuka kwa wagonjwa wengi na familia huingiwa na hofu. Jaribio lililofanyika Singapore na Malaysia na kuchapishwa mwaka 2017 lilibaini kuwa kuwaongezea chembe sahani wagonjwa wazima wa dengue ambao hawatokwi na damu kwa wingi hakukuwazuia kuanza kutokwa na damu, na kuliambatana na madhara zaidi. Uamuzi wa kuongeza au kutoongeza hubaki kwa daktari baada ya kumwona mgonjwa.

Mipaka ya njia hii

Ugandishaji una gharama zake. Friza za nyuzijoto 80 chini ya sifuri, ambazo wengi walizisikia wakati wa UVIKO-19 kutokana na mahitaji ya uhifadhi wa chanjo ya Pfizer, huhitaji umeme usiokatika, jenereta ya dharura na kengele ya kutoa taarifa pale joto linapopanda. Friza moja ikiharibika usiku bila mtu kujua, akiba ya miaka miwili huweza kupotea kabla ya asubuhi. Kwa upande wa hospitali inayopokea, huhitajika chombo cha kuyeyushia, plazma na mtaalamu aliyefunzwa, na kazi ya kuyeyusha huchukua dakika kadhaa wakati mgonjwa akiwa mezani.

Kwa sababu hizo, ugandishaji hauchukui nafasi ya chembe sahani za kawaida katika hospitali kubwa za mijini zenye wachangiaji wa kila siku. Nafasi yake ni pale umbali, visiwa, vita au maafa vinapofanya siku 5 zisitoshe, na pale hospitali inapohitaji akiba ya kuanzia wakati ikisubiri mfuko mwingine ufike.

Wajibu wa mchangiaji

Chembe sahani iliyokaa miaka miwili kwenye friza bado ilitoka kwenye mkono wa mtu. Hakuna kiwanda kinachozitengeneza kwa ajili ya matumizi ya kawaida ya hospitali, na ugandishaji hauongezi hata chembe moja. Huongeza muda tu, na tena hupoteza sehemu ya kile kilichochangwa. Nchi yenye wachangiaji wachache haina cha kugandisha.

Nchini Tanzania, ukusanyaji wa damu huratibiwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama chini ya Wizara ya Afya. Mchangiaji anatakiwa kuwa na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu unaotosheleza na afya njema. Mwanaume huweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C pamoja na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa.

Kwa kuwa chembe sahani za kawaida huisha ndani ya siku 5, mchango unaotolewa mara moja kwa mwaka, tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, hauwezi kumfikia mgonjwa wa mwezi Agosti. Anayezihitaji mwezi huo hutegemea mtu aliyefika kituoni wiki hiyo hiyo.